Begi la dharura kwa watu wa Lamu na jirani zao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nahodha hang'oi nanga kwenda Kizingitini bila maji ya kunywa, upo wa kutolea maji yanayoingia ngamani, chini ya chombo, kamba ya akiba na kitu cha kutia tumboni. Hakufundishwa darasani, alimkuta babake akifanya hivyo. Lakini nenda nyumbani kwa nahodha huyo huyo usiku stima ikikatika: kibiriti kinatafutwa kwa kupapasa, tochi haina betri, na hakuna anayejua cheti cha mtoto kiliwekwa wapi. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa barazani, gatini na kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kila nikitaja begi la dharura. Nimeyajibu kwa kufuata yanayotupata sisi huku, maana orodha nyingi zinazozunguka kwenye simu zimeandikwa na watu wanaoogopa theluji.

Lamu kuna maafa gani hata nifunge begi?

Kubwa kwetu ni moto. Mji wa Kale uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vilivyoupa sifa hiyo, vya kupita mtu na punda wake, ndivyo vinavyozuia gari la zimamoto kuingia. Paa la makuti likishika na upepo wa kusi ukawa unavuma, cheche zinaruka kutoka nyumba hadi nyumba kabla ndoo ya kwanza haijapanda ngazi. Muda ulio nao hapo ni wa kumshika mtoto mkono na kuchukua kitu kimoja. Hicho kitu kimoja ndicho tunachokizungumza hapa.

Cha pili ni njia kukatika. Mto Tana ukifurika, aliye kisiwani halowi miguu, lakini unga, vitunguu na dawa vinakuja kwa lori hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na lori haliogelei. Mwisho wa 2023 maji yalifunika barabara ya Garsen na Lamu upande wa Gamba, na sokoni kila mtu aliona bei zilivyopanda. Wenzetu wa Malindi wana Sabaki. Mto huo unaanzia bara kabisa, juu kwenye mto Athi, kwa hiyo unaweza kufurika Malindi jua likiwa linawaka na mtu ameanika nguo. Wakiona bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa, wajue huko juu mvua imefanya kazi.

Halafu kuna bahari yenyewe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilielekea pwani ya Tanzania, na huku Idara ya Hali ya Hewa ikatutahadharisha juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyotoka Sumatra ng'ambo ya bahari yetu hii hii, iliua mtu mmoja nchini Kenya, upande wa Malindi. Kuhusu hiyo nitarudi baadaye.

Begi liwe la aina gani, na likae wapi?

Begi la mgongoni, ili mikono ibaki mitupu kwa watoto na ngazi. La shule lililochakaa linatosha. Angalia zipu tu: zipu ya chuma huku kwetu haimalizi miezi sita, hewa ya chumvi inaila mpaka inagoma. Nilishawahi kulikata begi kwa kisu gizani kwa sababu zipu ilikuwa imeshikana kama iliyochomelewa. Tangu siku ile natumia begi la kufunga kwa kamba, na kila kilichomo kimetiwa kwenye mfuko wa plastiki mzito kwanza.

Likae karibu na mlango wa kutokea. Waliozoea nyumba za mawe wanapenda kuweka kila kitu cha thamani ndani kabisa, vidakani, kwenye vishubaka vya ukutani, na kwa heshima ya nyumba ni sawa. Moto ukitokea, ndani kabisa ndiko usikoweza kurudi. Tundika begi kwenye msumari dakani, ukumbi wa mlangoni, pale unapopita ukitoka. Usiliweke jikoni, usiliweke kando ya mtungi wa gesi, na usiweke ndani yake petroli wala mafuta ya taa.

Niweke maji kiasi gani?

Hesabu inayotumika sana ni lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika kidogo na kunawa, kwa siku tatu. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 72, yaani mitungi minne ya lita 20 na kichele kinabaki. Hiyo hutaibeba mgongoni. Ndiyo maana nasema kuna vitu viwili mbali mbali: begi la kukimbia nalo, ambalo linabeba lita mbili au tatu tu kwa kila mtu mzima, na akiba ya nyumba, ambayo inakungoja ukiwa umefungiwa ndani na mvua au njia imekatika.

Mtungi uwe uliobeba maji au mafuta ya kula, kamwe usiwe wa petroli wala wa dawa ya shambani. Ule wa manjano wa mafuta ya kula utabaki na harufu hata uusugue vipi. Sabuni na maji moto vinapunguza, na ikibaki haidhuru. Funika vizuri, weka kivulini, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na baada ya miezi sita mwagilia mti wako ujaze mengine.

Madafu? Mazuri sana kumpa mtu aliyeishiwa nguvu, lakini dafu halikai kwenye begi.

Nikilazimika kunywa maji ya kisima au ya jabia (birika la kukingia mvua), niyasafishe vipi?

Yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, dakika moja nzima. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Kuni au gesi ikikosekana, tumia vidonge vya dukani vya kutibu maji ukifuata karatasi yake, au dawa ya kung'arisha nguo (bleach) isiyo na manukato wala sabuni. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5 hadi 6, tone 2 kwa lita moja ya maji meupe, tone 4 yakiwa na uchafu, koroga, ngoja nusu saa. Soma chupa kabla, kwa sababu nyingi za madukani kwetu ni hafifu kuliko hiyo na matone huongezeka. Yakiwa na harufu kidogo ya ile dawa, ndivyo inavyotakiwa.

Kuna njia ya jua pia: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, maji yaliyochujwa, ilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Siku ya mawingu, iache siku mbili.

Sasa jambo ambalo watu wa visiwani wanalijua na wageni hawalijui: hakuna hata njia moja kati ya hizo inayotoa chumvi. Kisima kilichokolea chumvi ukikichemsha kinazidi kukolea. Hii ndiyo sababu wazee wa Pate na Ndau walijenga majabia ya kukinga mvua, na ndiyo sababu watu wa mji wa Lamu wanagombania vilima vya mchanga vya Shela visijengwe: maji matamu ya mji yanachujwa na mchanga ule. Maji ya chumvi ya kisima yaoshee vyombo. Ya kunywa yatoke kwenye mtungi wako.

Chakula gani kinakaa bila friji kwenye joto letu?

Tende. Ningeweza kuishia hapo. Mabaharia wa majahazi walivuka hadi Arabuni na kurudi kwa tende na papa mkavu, na hakuna biskuti ya kiwandani iliyowahi kuzishinda kwa nguvu, kwa kukaa, na kwa kuliwa bila kupikwa. Ongeza karanga zilizokaangwa, kashata, samaki wa kopo wenye kifunguo chao, na mkate wa mofa uliokauka kwa siku za mwanzo. Uji wa mtoto kwenye pakiti ndogo ndogo, si mfuko mkubwa ambao ukifunguliwa unaingia unyevu.

Maadui ni wawili, panya na sisi wenyewe. Kwa panya, debe la bati lenye kifuniko cha kubana. Paka wa Lamu wana sifa kubwa, lakini yule wa kwetu nimemwona amelala juu ya gunia huku panya akipita. Kwa sisi wenyewe, sina dawa.

Kwa akiba ya nyumba, msimu wa masika na wa vuli mimi huweka unga, mchele, maharage, chumvi, sukari na mafuta vya wiki mbili. Hiyo si kwa ajili ya begi, ni kwa ajili ya ile barabara.

Basi ndani ya begi kuna nini hasa?

La kwangu, kwa mpangilio wa mkono unavyoingia: juu kabisa tochi ya kichwani, betri zake zikiwa zimetolewa na kufungwa kwa mpira pembeni. Nilipoziacha ndani mara ya kwanza, kusi moja tu ilipita, nilipofungua nikakuta ute wa kijani umekula chemchemi na tochi imekufa. Kisha firimbi, kisu, kibiriti kwenye chupa ndogo ya dawa yenye mfuniko, mshumaa mmoja. Redio ndogo ya betri, kwa sababu mnara wa simu nao unategemea stima. Benki ya chaji na waya wake. Lita mbili za maji. Tende. Mfuko wa huduma ya kwanza. Leso mbili. Kamba mita kumi. Karatasi ya nailoni ya kujifunika mvua. Chandarua, kwa maana mafuriko yakiondoka mbu ndio wanaobaki. Sabuni ya kipande. Karatasi na kalamu, na namba za simu za watu sita zilizoandikwa kwa mkono. Jaribu sasa hivi kuitaja namba ya mkeo bila kuangalia simu.

Viatu vya kufunika vidole vimefungwa nje ya begi. Baada ya moto, chini kuna misumari ya makuti na vioo, na ndara hazikusaidii.

Leso ya nini kwenye begi la mwanamume?

Swali hili huulizwa na vijana, na kwa kicheko. Basi tuifungue tuone.

Leso moja ni kitambaa cha pamba cha kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Ikunje pembetatu, pembe mbili zifunge nyuma ya shingo, tayari una tanzi la kubeba mkono uliovunjika. Ikunje upana wa vidole vinne, izungushe na vipande viwili vya mti, umefunga banzi la mguu. Ikunje mara nne, unachuja maji. Ilowanishe, jifunike pua na mdomo, unapita kwenye moshi ukiwa umeinama, maana hewa iliyo na nafuu iko chini. Ifunge kwenye pondo, ule mti wa kusukumia chombo, au kasia, ile nyekundu, na chombo kilicho mbali kinaiona kabla hakijamwona mtu. Ikaze juu ya jeraha linalovuja damu. Mbebe nayo mtoto mgongoni na mikono yako ibaki mitupu kwenye ngazi. Jioni ifunike kichwani jua lilipokuchoma mchana.

Niliona mama mmoja gatini akimtoa mwanawe mwiba, akamfunga, akambeba, akamfuta machozi, vyote kwa leso moja, na mwisho akaitandika akakalia. Hakuna kifaa cha dukani chenye kazi nyingi kiasi hicho. Chagua iliyofuliwa mara nyingi. Mpya ina wanga na haishiki maji.

Mfuko wa huduma ya kwanza uwe na nini, na nifanye nini navyo?

Bendeji za kuzungushia, shashi safi, plasta, mkasi, kibano cha kutolea miba, glavu, sabuni, paracetamol, pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji kwa anayeharisha), dawa za mtu wa nyumbani anayetumia kila siku za wiki moja. Vitu vyenyewe ni rahisi. Tatizo ni yale tunayoyafanya kwa mazoea.

Aliyeungua: maji baridi yanayotiririka, dakika 20, halafu kitambaa safi. Si dawa ya meno, si yai, si samli. Najua nyanya alitumia. Nyanya pia alikuwa na maji ya kisima baridi, na huenda ndiyo yaliyoponya.

Anayevuja damu: bonyeza palepale kwa kitambaa safi, kwa uzito wako, dakika kumi bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoanzisha upya.

Anayeharisha: ORS. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto.

Aliyechomwa mguuni na taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani: tia mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia, nyuzi 45 hivi, dakika 30 hadi 90, joto linapunguza ukali wa sumu ile. Ajaribu maji kwanza asiyechomwa, kwa sababu mwenye maumivu hajui tena kipi ni moto. Mwiba ukiwa umeingia kifuani au tumboni usiung'oe, mkimbize hospitali mwiba ukiwa palepale.

Aliyeumwa na nyoka: alale, asitembee, kiungo kifungwe banzi kisitikisike, vua pete na bangili kabla uvimbe haujaja, na safari ya hospitali ianze sasa. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Jiwe la nyoka halijathibitika kuponya, na kila dakika linayokaa pale ni dakika ambayo boti haijang'oa nanga. Akitemewa sumu machoni, osha kwa maji mengi mpaka mkono uchoke. Aliye Malindi na Watamu ana bahati ya kuwa jirani na Bio-Ken, watu ambao wamefanya kazi ya nyoka na matibabu yake kwa miaka mingi.

Vyeti na pesa je?

Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba, kadi ya kliniki ya mtoto: nakala zitiwe kwenye begi, ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na picha zake zitumwe kwa jamaa aliye mji mwingine. Wenye kukumbuka foleni za kutafuta kitambulisho kilichopotea hawahitaji kuelezwa zaidi. Vyeti halisi viwe kwenye bahasha moja, karibu na begi, mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anapajua.

Pesa, noti ndogo za hamsini na mia. Mtandao ukianguka M-Pesa inakuwa namba tu kwenye kioo, na mwenye boti hana chenji ya elfu moja.

Kwa wanawake, watoto wachanga na wazee, kuna cha kuongeza?

Buibui moja na mtandio mmoja, ndani ya begi. Nalisema wazi kwa sababu wanaume wanaoandika orodha hizi hawalifikirii: kwenye moto, mwanamke anarudi ndani kutafuta cha kujisitiri. Kikiwa mlangoni, harudi. Pedi pia, za mwezi mmoja.

Mtoto wa kunyonya, maziwa ya mama yanamtosha, na kwenye mafuriko ni salama kuliko maziwa ya kopo yanayotaka maji safi na chupa iliyochemshwa. Mama ndiye aongezewe maji na chakula. Kwa mtoto anayetembea, andika jina na namba ya simu kwa wino ndani ya kola ya nguo.

Mzee: miwani ya zamani, betri za kifaa cha masikio, fimbo. Mwenye kisukari, insulini iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hustahimili wiki nne hivi nje ya friji mradi joto lisizidi linalotajwa kwenye karatasi yake. Iweke kivulini, kwenye chungu kidogo cha udongo kilicholoweshwa nje. Mlangoni kwenye upepo hupoa vizuri zaidi. Siku za unyevu mzito hakipoi sana.

Mimi ni mvuvi. Begi la nyumbani linatosha chomboni?

Halitoshi. Una mengi tayari: nanga, amari (kamba yake), kasia au pondo, upo, dira kwa wanaokwenda mbali. Ongeza jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, firimbi ikiwa imefungwa kwenye jaketi lenyewe, kioo kidogo cha kumulikia, tochi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, plagi ya akiba ya mashine na kamba ya kuwashia, maji lita 4 kwa mtu hata kama ni safari ya asubuhi. Mwenye redio ya baharini, chaneli ya kuita msaada ni ya 16.

Jaketi livaliwe. Nilikuwa abiria mara moja kwenye boti iliyozimika mashine nje ya Manda, jioni, mawimbi ya kusi yakitupiga ubavuni. Majaketi yalikuwamo, mazuri, ya rangi ya machungwa, yamefungwa kwa kamba chini ya viti ili yasiibwe. Tulikaa tukifungua mafundo kwa meno. Alhamdulillahi mashine ilikubali kabla fundo la mwisho halijafunguka.

Nikikwama mikokoni au juu ya fungu la mchanga, ningoje muda gani?

Inategemea mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Ukipanda fungu maji yakiwa yanapwa, ngoja yarudi kwenye kimo kile kile, kwa kawaida ni saa kadhaa tu. Lakini ukipanda wakati wa kilele cha bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yamejaa pomoni, kesho hayafiki tena pale, na keshokutwa ni chini zaidi. Huenda ukakaa mpaka bamvua ijayo, wiki mbili. Wakata mikoko wanalijua hili na hubeba maji ya kuwatosha. Anayelisahau ni kijana aliyekwenda kupiga picha.

Ukikwama, usishuke kutembea kwenye tope kutafuta njia. Baki na chombo; kinaonekana kirahisi kuliko wewe. Tia nanga, jifunike jua, piga firimbi mara tatu, nyamaza, tatu tena. Na usinywe maji ya bahari hata funda moja. Yanakutoa maji mwilini zaidi ya uliyoyaingiza.

Tunataka kulala kwenye vilima vya mchanga Shela na wanangu. Tubebe vyote hivyo?

Hapana. Maji, tochi, leso, firimbi, mfuko wa huduma ya kwanza, chandarua, na kofia. Mwambie mtu wa mjini mtalala wapi na mtarudi saa ngapi, na akubali kuja kuwatafuta saa hiyo ikipita. Msiogelee usiku.

Tsunami ikija nitajuaje, na nikimbilie wapi?

Ya 2004 ilichukua saa nyingi kufika kwetu, kwa hiyo tetemeko la mbali hivyo linatupa muda wa kusikia redio. Dalili ya macho ni bahari kurudi nyuma kupita kupwa kwa kawaida, samaki wakibaki wazi. Yeyote anayekimbilia kuwaokota ananipa hofu kuliko wimbi. Ondoka ufukweni, panda: vilima vya Shela, mitaa ya nyuma ya mji iliyo juu, au ghorofa ya nyumba imara ya mawe. Kaa huko mpaka watangaze, maana wimbi la kwanza haliwi peke yake na mara nyingi si kubwa kuliko yote.

Tukitoka mbio, tukutane wapi?

Chagueni mahali pawili leo, kwenye chakula cha jioni. Pa kwanza pawe karibu, mfano Mkunguni mbele ya Ngome. Pa pili pawe nje ya mtaa, kwa jamaa. Watoto wapajue kwa jina, si kwa "pale tunapokwenda siku ile".

Namba za simu za dharura?

999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ziandike ukutani, pamoja na ya zahanati ya karibu yenu, ya mwenye boti mmoja anayelala mtaani kwenu na ya mwenye punda. Usiku wa manane hao wawili wa mwisho ndio watakaofika kwanza.

Sina pesa ya vyote. Nianze na nini?

Na vilivyo bure: mtungi uliojaa maji, karatasi ya namba za simu, leso ya zamani, mahali pa kukutana, bahasha ya vyeti mlangoni, buibui kwenye msumari. Umemaliza nusu ya kazi bila kutoa shilingi. Kisha tochi. Kisha pakiti za ORS na sabuni. Redio na benki ya chaji zingoje mwezi wenye nafuu. Wanaouza begi lililokwisha kufungwa, lenye vitu arubaini, siwanunulii: nilipolichambua moja nilikuta dira ya plastiki isiyojua kaskazini na blanketi la karatasi ya fedha la kuzuia baridi. Lamu!

Nilifungue kila baada ya muda gani?

Upepo unapogeuka. Kusi ikiingia, Aprili hivi, na kaskazi ikiingia, Desemba hivi, fungua begi lote juu ya mkeka. Jaza maji mapya, washa tochi, chaji benki, soma tarehe za dawa, jaribu nguo za mtoto kama bado zinamwenea. Paka zipu nta ya mshumaa ikiwa bado unaing'ang'ania.

Mwaka huu nilipolifungua la kwangu, tochi iliwaka, kibiriti kilikuwa kikavu, vyeti vyote vilikuwepo. Tende, nilizoweka kilo nzima kabla ya Ramadhani, zilikuwa nne, na kwenye mfuko kulikuwa na alama za vidole vidogo vya mjukuu wangu.